Kinanda Kilichoshikwa na Baridi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema usije ukapoteza muda kumtafuta, maana bendi yetu ilikuwa ya watu watatu na wenzangu wawili walikuwa na akili zao timamu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nywele za kufika kiunoni, uso uliopakwa unga na masizi ya jiko, na uhakika kwamba Norwe nzima ilikuwa imekaa macho ikiisubiri kanda yangu.

Bendi tuliiita Rimtåke, yaani ukungu wa sakitu, ule unaolala juu ya mto asubuhi za Januari. Tulipiga metali nyeusi, roki ya magita makali, giza na mayowe. Miaka ile ya tisini, kila bonde kwetu lilikuwa na vijana kama sisi, wamejifungia kwenye chumba cha chini cha nyumba fulani, wanaupigia mayowe msitu ambao uko palepale nje ya dirisha. Jostein alikuwa kwenye ngoma. Mtoto wa mfuga ng'ombe, mikono mipana, maneno ya kubana matumizi. Mimi gita na mayowe. Sølvi kinanda.

Sasa kinanda chenyewe hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mjomba wake, Arnfinn, mzee wa bendi ya dansi, anayevaa koti la bluu linalomeremeta na kuwaimbia wajane valsi. Kilikuwa kikubwa, kizee, kizito kama jeneza, na sisi tulikipendea kitufe kimoja tu: kitufe cha fidla. Mjomba alikibonyeza kuwatia watu mapenzi. Sølvi alikibonyeza kilekile, akashikilia noti tatu, polepole, bila haraka yoyote duniani, na ghafla kile chumba chetu chenye harufu ya soksi kilikuwa hakina kuta. Unaona mlima. Nyuma yake mlima mwingine. Halafu theluji, na hakuna mtu.

Kwa kinywa changu nisingelikiri hilo hata ungenivunja mkono. Sisi watu wa metali nyeusi tulikuwa tunaandikiana barua, na kwenye barua zile kinanda kilikuwa ugomvi mkubwa. Wapo waliosema ni chombo cha kwaya za watoto. Nikaogopa kuchekwa. Kwa hiyo kila tuliporekodi majaribio, nilikuwa nakishusha sauti, nakishusha tena, na Sølvi akilalamika namwambia, "Dada, hii ni bendi, si ibada ya Jumapili." Majira mawili ya baridi amevumilia hivyo.

Siku ninayoisema ilikuwa ya mwisho. Mjomba Arnfinn alikuwa amepata kazi kwenye hoteli za milimani, vidole vyake vimeanza kukakamaa, na Sølvi ndiye angempigia kinanda huku yeye anaimba. Saa kumi alasiri angekuja na gari kuvichukua vyote viwili, kinanda na mpwa wake. Tusipokinasa siku ile, hatukinasi tena. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Sølvi mwenyewe aliniambia asubuhi akivua glavu, "Leo, Oddvin, nataka nisikike. Mara moja tu. Baadaye piga hata mapipa."

"Utasikika," nikasema. Nikamaanisha kabisa. Ndiyo maana nasema nilikuwa mjinga, sikusema mwongo.

Tulikuwa kwenye chumba cha chini cha ukumbi wa kijiji. Ufunguo anao shangazi yangu Gudlaug, mkubwa wa chama cha wanawake wafumaji, ambao siku ile walikuwa juu yetu wakifuma soksi za sufu za mnada wa hisani. Shangazi alikuwa amewasha jiko la kuni huku chini tangu alfajiri, kwa sababu joto lake hupanda juu kwa wafumaji kupitia kitundu cha dari. Aliponiona na uso wangu mweupe alisimama.

"Umeanguka kwenye pipa la unga?"

"Ni sura ya kifo, shangazi."

"Leo si mnarekodi tu? Nani atakuona?"

"Muziki utaniona."

"Haya. Usiupake ukuta wangu hicho kifo, tulipiga rangi majuzi."

Mashine yetu ilikuwa rekoda ya kanda yenye njia nne. Kila chombo na njia yake. Njia zikijaa, unazimimina tatu za kwanza ndani ya ile ya nne, zikiwa zimechanganyika, kisha unarekodi vitu vipya juu ya zile tatu. Sharti ni moja: ukishamimina na kurekodi upya, vya zamani vimekwenda. Huwezi kuvitoa tena, kama vile usivyoweza kutoa sukari kwenye kahawa.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Jostein alipiga ngoma zake kwenye njia ya kwanza, Sølvi kinanda chake kwenye ya pili, jiko linaguruma, sisi tumevaa fulana. Nilisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, nywele zikanisisimka. Nikavivua.

"Kuna tatizo," nikasema.

Jostein akashusha vijiti. "Tatizo gani?"

"Pana joto."

"Ndiyo. Jiko linawaka."

"Jostein, sisi tunapiga muziki wa baridi. Unawezaje kupiga baridi huku umetoka jasho kwapani? Watu watasikia. Watasikia kwamba tulikuwa tumestarehe!"

Sølvi alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeongea na mti. "Oddvin, kanda hainusi."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaokoka kwa imani hiyo. Nikatoa kuni zinazowaka kwa koleo, nikazitupa kwenye theluji nje, zikalia chiii. Nikafungua madirisha yote mawili. Nje palikuwa na baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, nayo ikaingia bila kubisha hodi. Tulikaa tukiisubiri ituingie mifupani. Jostein alivaa koti la kukamulia ng'ombe. Sølvi alivaa kila alichokuja nacho. Mimi nilibaki na fulana isiyo na mikono, kwa sababu ya heshima.

Nikachukua gita. Kawaida yetu ilikuwa kulilinganisha na kinanda: Sølvi anabonyeza noti, mimi nakaza au nalegeza nyuzi mpaka sauti zifanane. Akabonyeza. Nikalegeza.

"Ngoja," akasema. "Hiki kimeshuka."

"Nini kimeshuka?"

"Sauti ya kinanda. Ni kizee, Oddvin. Kikishikwa na baridi noti zinateremka. Mjomba hukifunika blanketi ndani ya gari. Asubuhi kilikuwa cha moto, sasa hivi si kilekile."

"Kimeteremka kidogo?"

"Kidogo kinatosha kuharibu."

Nikacheka. Nilicheka, nakwambia, mvuke ukanitoka kinywani kama farasi. Nikarekodi gita kwenye njia ya tatu kwa sauti iliyotikisa vikombe vya wafumaji. Mara moja nilisikia kwamba gita na kile kinanda cha asubuhi vinagombana. Vilisuguana kama meno ya mgonjwa wa homa. Mtu wa muziki wowote mwingine angesimama pale. Mwimba kwaya angesimama. Mpiga valsi angesimama na kuomba radhi. Mimi nikafumba macho nikasema moyoni: huu ndio wenyewe! Huu ndio ule unyama tuliokuwa tunautafuta!

"Inauma meno," alisema Jostein nilipomaliza. Kwa Jostein hiyo ni hotuba.

"Ndivyo inavyotakiwa iume."

"Oddvin," Sølvi akasema, "usimimine bado. Nakuomba. Tufunge dirisha, tupashe chumba, tusikilize kwanza."

"Tukisikiliza kwenye joto tutajidanganya."

Nikamimina. Njia tatu ndani ya moja. Kisha, kabla hajafika kunishika mkono, nikarekodi gita la pili juu ya njia ya kinanda, na mayowe juu ya njia ya ngoma. Mayowe yalikuwa mazuri, nisijinyime haki yangu. Nilikuwa nimeganda miguu mpaka magotini na nilikuwa nalia kweli.

Mlango ukafunguka kwa teke. Shangazi Gudlaug, na soksi iliyofumwa nusu mkononi, sindano nne zimechomoza kama miba.

"Nani kazima jiko?"

Wenzangu wawili walinitazama mimi, ambalo ni jibu.

"Huko juu nina wazee wenye magoti mabovu, Borghild meno yake ya bandia yanagongana, na wewe umefungua madirisha? Unampashia nani joto, paa wa msituni?"

"Shangazi, ni kwa ajili ya sauti..."

"Sauti! Ilikuja mpaka juu. Tulidhani umembana mbwa mlangoni. Funga! Washa! Na ukimaliza, beba kuni upeleke na kule juu, wewe Mfalme wa Kifo."

Nikafunga. Nikawasha, kwa kuni mbichi zilizotoa moshi mwingi kuliko moto. Wakati chumba kinakohoa, tulichukua kanda tukaenda kuisikiliza kwenye gari la Jostein, kwa sababu spika za gari ndizo mahakama ya kila bendi. Mle ndani kuna joto, kuna nywele za mbwa, hakuna amplifaya ya kukuziba masikio. Jostein akabonyeza.

Sijui nikuelezeje. Ngoma zilikuwa ngoma. Juu yake kulikuwa na kitu kama ng'ombe anayezaa, na nyuma ya ng'ombe, mbali kabisa, Sølvi alikuwa anapiga wimbo mwingine katika nyumba nyingine. Hapakuwa na unyama wowote. Palikuwa na watu wasiojua kulinganisha vyombo.

Jostein alizima kabla ya kufika katikati. Akaangalia mbele, mikono kwenye usukani, kana kwamba tunasafiri.

"Nilikuambia," Sølvi akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Tunaweza kuvitenganisha," nikasema.

"Tenganisha."

"Labda tukipunguza..."

"Tenganisha, Oddvin. Nitakusubiri."

Nilipofuta kioo kuangalia nje, unga na masizi vilikuwa vimechanganyika na machozi ya baridi vikanishuka shingoni. Hasira niliyokuwa nayo! Ningekuwa na mtu wa kumpiga ningempiga, lakini mtu mwenyewe alikuwa amevaa fulana yangu.

Tukaanza upya. Saa ya ukutani nayo ikawa imepata miguu. Sølvi alikaa kwenye kinanda akishikilia noti moja, anasubiri kipate joto. Unaisikia ile noti inapanda, polepole, kama mzee anayepanda ngazi na kupumzika. Ukidhani imefika, inapanda tena. Hatukuweza kungoja zaidi, tukarekodi. Wimbo ulianza umenyooka na katikati kinanda kikawa kimeshapanda juu ya pale kilipoanzia. Mwisho wake haukukutana na mwanzo. Tukafuta. Tukarudia. Safari hii Jostein, malengelenge yamempasuka viganjani, akadondosha kijiti. Tukafuta. Tukarudia, na safari hii ilikuwa nzuri, nakuapia, ngoma na kinanda vilishikana kama zamani, na nilikuwa nimesimama na gita langu tayari nimeliwasha kusubiri zamu, wakati huko juu wafumaji walipochomeka birika lao kubwa la kahawa.

Fyuzi ikalipuka. Giza. Kanda ikavuta sauti yake ya mwisho ikafa: uuuum.

"Aaa, jamani!" nikapiga ukuta ngumi. Ule uliopigwa rangi majuzi.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Shangazi alikuwa amesimama kando ya birika kama askari kando ya mzinga.

"Shangazi, zimeni birika! Tumebakiwa na muda mdogo!"

"Zima wewe. Nyumba hii ina umeme wa watu wazima, haikujengewa ngurumo. Birika na kile kinanda cha Arnfinn havijawahi kugombana, miaka yote ya dansi. Hilo ligita lako na sanduku lake ndilo linalokula. Nitaweka fyuzi nyingine, ndiyo ya mwisho. Kinanda na kahawa, ruhusa. Gita, hapana."

"Lakini bendi..."

"Umewagandisha wanachama wangu tangu asubuhi. Leo kahawa inakuja kwanza."

Na nani anapita mlangoni wakati huo, anakung'uta theluji kwenye viatu? Mjomba Arnfinn. Kabla ya wakati, kwa sababu barabara ya mlimani ilikuwa inazibwa na theluji. Koti la bluu linameremeta chini ya jaketi. Akanitazama usoni kwa muda.

"Oddvin. Umeungua?"

"Sijaungua, mjomba."

"Aa. Basi niacheni ninywe kikombe kimoja, kisha nipakie."

Kikombe kimoja. Wafumaji walimkalisha, wakamletea chapati nyembamba za viazi zenye siagi na sukari, na mimi nikamshukuru Mungu niliyekuwa nimetangaza hadharani kwamba sina habari naye. Nikashuka.

Taa zilikuwa zimerudi. Jostein alikuwa amekaa sakafuni anajifunga kitambaa viganjani. Ameshamaliza, ungeona tu. Amplifaya yangu Sølvi alikuwa ameshaichomoa. Alikuwa ameweka kanda mpya, amebonyeza kurekodi yeye mwenyewe, na alikuwa anapiga.

Nikafungua mdomo. Jostein akanionyesha kidole: nyamaza.

Hakupiga wimbo wetu. Alipiga kile kilichokuwa chini ya wimbo wetu siku zote, kile nilichokuwa nakishusha. Mkono wa kushoto ulishikilia noti mbili nzito, haziendi popote. Wa kulia ulitembea juu yake kidogo kidogo, unasimama, unarudi. Kinanda kilikuwa bado hakijapata joto sawasawa, na zile noti ndefu zilikuwa zinatetemeka pembeni, zinapanda kwa unywele mmoja, na safari hii hazikugombana na mtu kwa sababu hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Zilipanda zote pamoja. Ungesema ukungu unainuka mtoni wenyewe. Huko juu vikombe viligongana na mtu alicheka; vimo kwenye kanda mpaka leo. Nilikaa juu ya spika na gita mapajani, halina umeme, nyuzi zimelegea, sina kazi. Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa na hasira zaidi, ukitaka kujua, kwa sababu ilikuwa nzuri na mimi simo.

Alipoachia noti ya mwisho, mjomba Arnfinn alikuwa amesimama mlangoni na siagi kwenye masharubu.

"Hicho si kitufe changu cha valsi?"

"Ndicho, mjomba."

"Haiwezekani," akasema, akaenda kukichomoa.

Tulikibeba wanne kupandisha ngazi, kikafunikwa blanketi nyuma ya gari. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka kwa nguvu. Shangazi alimtupia Sølvi soksi dirishani. Jostein alimpa mkono uliofungwa kitambaa, akasema, "Vizuri," akaenda zake kuwasha gari lake.

Mimi nilibaki na kanda mfukoni na ulimi ukiniwasha. Nikashika mlango.

"Sølvi, sikiliza. Ile uliyopiga, nitaitumia. Ni nzuri."

"Najua."

"Nitaiwekea gita juu. Njia tatu ziko wazi."

Akashusha kioo chote. "Usiiguse."

"Siwezi kutuma kanda ya Rimtåke haina gita ndani! Watu wataniuliza nini? Wataniambia nimefungua duka la sabuni za kuogea. Miaka miwili tunajitesa humu, halafu kanda ya kwanza iwe ya mtu mmoja na kinanda cha valsi?"

"Ndiyo iliyopatikana. Nyingine umezimimina."

"Nilikosea! Nimekubali! Sasa umenipata, basi. Lakini na mimi nimo kwenye bendi hii. Niliianzisha mimi, jina nililitoa mimi, niliganda humo ndani kuliko nyote. Nina haki ya kuwemo hata kidogo."

"Leo niliomba kitu kimoja."

"Na nitakutunzia! Sikufuniki, naapa. Gita moja tu, chini, chini kabisa, nyuma ya kila kitu." Nilikuwa nimemshikilia mjomba wa watu mlango wake, theluji inaniingia shingoni, sauti imenipasuka. "Hata hakuna atakayelisikia!"

Sølvi akaanza kupandisha kioo, akabakiza upenyo wa kutoshea maneno.

"Kama hakuna atakayelisikia, Oddvin, unaliweka la nini?"